Maswali yenu kuhusu Mombasa: Mji wa Kale hauendewi mbio

Likizo ya Desemba ikinukia tu, maswali ya Mombasa huanza kumiminika. Ya hoteli za ufukweni nimeyaacha, wenye hoteli watawajibu vizuri kuniliko. Nimechagua yanayohusu kisiwa chenyewe, hasa Mji wa Kale, ambako nimezoea kuonekana kwenye baraza za watu kuliko kwangu.

Nitafika kwa SGR Jumamosi na kurudi Jumapili. Nina saa mbili za kuuona Mji wa Kale. Nianzie wapi? (Msomaji, Nakuru)

Kwanza ujue treni haikushushi mjini. Stesheni iko Miritini, bara, na kutoka hapo bado una matatu ya kukuingiza kisiwani. Treni ya asubuhi kutoka Nairobi hukufikisha mchana, jua likiwa utosini, na hapo ndipo wageni wengi huingia Mji wa Kale. Wanachokiona ni kuta. Maduka yamefungwa nusu, wazee wamejilaza, paka wamenyooka chini ya vibaraza. Kisha mtu anarudi kwao akisema mji umekufa.

Saa mbili zako ziweke baada ya swala ya alasiri, au Jumapili alfajiri mpaka saa tatu hivi. Anzia kwenye ngome ya Fort Jesus, uifuate barabara ya Ndia Kuu taratibu mpaka uwanja wa Bandari ya Kale, ambako majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yakishusha tende, mazulia na samaki wa chumvi. Njiani utaupita Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570, na mnara wake mnene uliochongoka juu. Ukipotea vichochoroni usihangaike na ramani ya simu. Fuata mteremko, utatokea baharini. Na usijaribu kuumaliza mtaa wote, maana hakuna anayekusahihishia.

Nawaleta wanafunzi wa darasa la saba Fort Jesus. Nikisema "ilijengwa na Wareno mwaka 1593" wanaanza kusinzia. Niwaambie nini? (Mwalimu, Voi)

Mwalimu, hata mimi ningesinzia. Waambie habari za mtoto mmoja.

Aliitwa Yusuf bin Hassan. Baba yake alikuwa sultani wa Mombasa, akakosana na Wareno, na mwaka 1614 akauawa kwa njama zao. Mtoto akachukuliwa hadi Goa, India, akalelewa na mapadri, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, akafunzwa vita kwenye merikebu za hao hao Wareno. Alipokuwa mtu mzima wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao mtiifu. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno, akarudi kwenye Uislamu na jina lake la kuzaliwa. Wareno walileta merikebu kutoka Goa wakashindwa kumtoa. Mwaka uliofuata akaibomoa ngome kadiri alivyoweza, akaondoka mwenyewe kwa jahazi, akawa mharamia mpaka alipofariki mwaka 1638.

Sasa wasimamishe wanafunzi chini ya lango, wainue macho. Kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, ya kapteni aliyekuja baadaye kuijenga upya, na ndani yake anajitaja kuwa na umri wa miaka 27. Ukutani majigambo yamebaki yote, ila jina la Yusuf hulioni. Waulize kwa nini, uone kama kuna atakayesinzia.

Ukishapata masikio yao, wapandishe juu ya ukuta unaoelekea bahari. Chini pale, kwenye mlango wa bandari, ilizama merikebu ya Kireno Santo António de Tanná mwaka 1697, ilipokuja kuokoa ngome iliyozingirwa na Waomani. Kuzingirwa huko kulianza Machi 1696 kukaisha Desemba 1698, na waliokuwa ndani waliangamizwa zaidi na maradhi na njaa kuliko mizinga. Vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi kuanzia mwaka 1977 vimo kwenye jumba la makumbusho humo humo. Pia wasiikose michoro ya ukutani ya mabaharia wa Kireno: meli, samaki, watu, vitu vya mtu mwenye kiu ya kwao. Halafu waambie kwamba kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela. Ngome moja, na kila aliyekuja akaiona inamfaa kwa kumfungia mwenziwe.

Mimi si Mwislamu. Nivae buibui nikija? (Msomaji, Eldoret)

La. Funika mabega na magoti tu. Ukitaka leso ya kujitanda, nenda Biashara Street, soma jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kununua. Usije ukajitanda maneno ya kumtukana mke mwenza ilhali huna. Kupiga picha milango ni ruhusa, lakini kumpiga mtu picha omba kwanza, na mwanamke aliyekaa kibarazani kwake usimgeuzie kamera hata kama mwanga ni mzuri.

Tukija na watoto, tule nini kisicho cha hoteli? (Mama wa watatu, Machakos)

Hapa ndipo naomba mnipe nafasi. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, hamri likiwa bado linatoa mvuke ukilipasua na iliki ikikupanda puani. Ukipewa hamri la jana lirudishe bila haya. Jioni kuna viazi karai, kiazi kilichochovywa kwenye unga wa manjano kikakaangwa, kikapasuliwa katikati na kutiwa ukwaju wenye pilipili. Kwa watoto sema mapema, "usitie pilipili," maana mkono wa muuzaji unakwenda wenyewe. Kuna mishikaki ya makaa, na kuna mkate wa mayai, unga mwembamba uliofungiwa nyama na mayai, ambao kwa mtu wa bara si mkate hata kidogo.

Lighthouse, pale Mama Ngina kando ya bahari, ni kwa mihogo. Utapata ya kukaanga na ya kuchoma, imechanjwa, ikapakwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga. Mnakaa ukutani mkizitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini, karibu kiasi cha kusoma jina ubavuni. Dafu mnywe, kisha mrudishieni muuzaji alipasue muikwangue nyama yake kwa kijiko cha kifuu chenyewe. Watoto wangu walipokuwa wadogo walilipenda hilo kuliko dafu.

Na wewe mama, watoto wakishalala, tafuta kahawa tungu. Utamsikia muuzaji kabla hujamwona: vikombe viwili vinagongana mkononi mwake, na dele lake, birika la shaba, lina makaa chini. Kikombe ni mafunda matatu. Chukua na kashata, na usimwambie aongeze sukari, haipo.

Nilisikia mzee akimwambia mjukuu "ndoo hapa". Nikatazama, sikuona ndoo yoyote. (Msomaji, Dodoma)

Alikuwa akimwita! Hicho ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Penye *nj* ya Kiswahili sanifu wao husema *nd*: njoo ni ndoo, njaa ni ndaa, na njia ni ndia, ndiyo maana barabara ikaitwa Ndia Kuu. Mchele ni mtele, kucheka ni kuteka. Kwa hiyo ukiona watu wanateka na hakuna kisima, huenda wanakuteka wewe. Ndiyo lugha aliyotungia Muyaka bin Haji mashairi yake karne ya 19, watu wakayahifadhi vichwani kabla hayajaingia vitabuni. Msiwasahihishe wenyeji, tafadhali. Nimeshuhudia mgeni akifanya hivyo na nikatamani ardhi inimeze.

Feri ya Likoni ni bei gani? (Msomaji, Thika)

Kwa miguu ni bure. Gari hulipa. Epuka asubuhi na magharibi, wakati wafanyakazi wanapovuka, na simu uishike mfukoni.

Likizo yangu imeangukia Ramadhani. Niahirishe? (Msomaji, Kampala)

Usiahirishe. Mchana utakula, ila si hadharani mtaani, na mikahawa mingi ya Mji wa Kale itakuwa imefunga. Lakini kuanzia saa kumi meza zinajaa barabarani: sambusa, bajia, kaimati zinazomiminiwa shira, tambi za sukari. Adhana ya magharibi ikilia, mtaa unanyamaza kama dakika kumi hivi, unasikia vijiko tu. Ukipita wakati huo na ukakaribishwa tende, kaa. Kukataa ndiko kutakakowaudhi. Baada ya swala ya tarawehe mji unaamka upya, na watoto wako nje mpaka usiku wa manane.

Je, ni lazima kuchukua kijana wa kututembeza? (Msomaji, Nyeri)

Si lazima, lakini aliyezaliwa mtaa ule atakufungulia milango ambayo mimi siwezi kukufungulia. Bei mkubaliane kabla ya hatua ya kwanza, na uulize ni ya kila mtu au ya kundi zima. Shemeji yangu hakuuliza, na tulikuwa watu sita. Nililipa mimi, kwa sababu ndimi mwenyeji.

Nibebe nini nyumbani? (Wengi)

Achari ya embe, halua, na mabuyu. Halua iulizie ya siku hiyo hiyo. Mabuyu yafunge mara mbili, mbali na nguo nyeupe.