Je, kila anayesita ni "mpinga chanjo"?

SWALI: Mimi ni mwandishi wa habari. Kila nikiandika "wananchi wanaosita kuchanjwa", mhariri wangu hubadilisha na kuweka "wapinga chanjo". Anasema maana ni ileile. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na tofauti yake ni kubwa. Nomino za muundo huu (mvuta sigara, mcheza ngoma, mpinga chanjo) humtaja mtu kwa jambo lililokwisha kuwa mazoea, kazi au msimamo wake. Aliyevuta sigara moja harusini humwiti mvuta sigara. Basi mama aliyeuliza kliniki kama sindano ina madhara, akasema atarudi wiki ijayo, hajapinga kitu. Amesita, na anayesita bado anasikiliza.

Kiswahili kina ngazi nyingi hapa: kusita, kutilia shaka, kukataa, kugomea, kupinga. Historia ya chanjo ya ndui inaonyesha kwa nini tunazihitaji zote. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1853 kwamba kila mtoto achanjwe ndani ya miezi mitatu tangu kuzaliwa, la sivyo mzazi atozwe faini. Machi 1885 maelfu waliandamana mjini Leicester, wakabeba jeneza la mtoto na sanamu ya Edward Jenner, daktari aliyeanzisha chanjo hiyo mwaka 1796. Hao wote tuwaite wapinga chanjo? Wamo waliostahili jina hilo. Wengine walitia shaka, na walikuwa na sababu: siku hizo majimaji ya kidonda cha chanjo yalitolewa mkononi mwa mtoto mmoja yakapakwa kwenye chale za mwingine, na kaswende iliwahi kusambaa kwa njia hiyo. Wengine walichogomea ni faini na kifungo. Bunge lenyewe liliiona tofauti hiyo, likaruhusu mwaka 1898 mzazi akatae kwa sababu ya dhamiri.

Rio de Janeiro, Brazil, Novemba 1904, watu walipindua tramu na kujenga vizuizi barabarani dhidi ya sheria ya kuchanja kwa lazima iliyoshikiliwa na Oswaldo Cruz, daktari aliyeongoza afya ya umma. Kabla ya hapo maofisa wa afya walikuwa wakiingia majumbani mwao, na nyumba za maskini zikibomolewa. Ndui iliporudi kwa kishindo mwaka 1908, wakazi wengi wa mji uleule walikwenda kuchanjwa kwa hiari. Habari iliyowabandika "wapinga chanjo" mwaka 1904 isingeweza kueleza foleni za 1908.

Kwetu Tanzania, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani dhidi ya Uviko-19 Julai 28, 2021, wengi walikuwa bado wanauliza. Kuwaita wapinga chanjo kulimaliza mazungumzo kabla hayajaanza, nami naliona hilo ni kosa la lugha lenye madhara kwa afya za watu.

"Wapinga chanjo" libaki kwa wanaoendesha kampeni dhidi ya chanjo. Mhariri akitaka ufupi, "wanaosita" ni neno moja.