Maswali ya Wasomaji: Kazi za "dr.who" zinatoka wapi?

SWALI: Tuna klasta ya Hadoop (mfumo wa kuchakata data nyingi kwa seva kadhaa) ya seva nne tulizokodi kwenye wingu. Prosesa zimejaa hadi asilimia 100, na ukurasa wa YARN, sehemu ya Hadoop inayogawa kazi kwa seva, unaonyesha kazi nyingi za mtumiaji aitwaye dr.who. Nikiziua, zinarudi. Hatuna mtu wa jina hilo. Je, tumeingiliwa?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndiyo, mmeingiliwa, na wala halikuhitajika nenosiri. dr.who ndilo jina ambalo Hadoop humpa anayeingia kwa njia ya wavuti bila kujitambulisha. Poti 8088 ya ResourceManager, msimamizi wa kazi wa YARN, haionyeshi ukurasa tu, hupokea pia kazi kwa HTTP, na kazi ya YARN ni amri inayoendeshwa ndani ya seva yenu. Poti ikiwa wazi kwa intaneti, mgeni yeyote anaendesha amri aitakayo. Kusasisha toleo hakutoshi, maana Hadoop huja na hadoop.security.authentication ikiwa simple, yaani inaamini jina lolote inalotajiwa.

Fungeni poti kwanza. Mkianza kwa kuua kazi, zitatumwa nyingine mkiwa bado mnahesabu. Kwenye kanuni za mtandao za mwenye wingu, ruhusuni poti za YARN, yaani 8088, 8032 na 8042, baina ya seva zenu tu. Kama Hadoop iko ndani ya Docker (programu ya kuendesha mifumo ndani ya makontena), msiitegemee ufw, zana ya ukuta wa moto: Docker hujiandikia kanuni zake za iptables, ukuta wa moto wa Linux, na poti hubaki wazi huku ufw ikidai imefungwa. Nyinyi ukurasa mtaufikia kwa ssh -L 8088:localhost:8088 mtumiaji@seva.

Sasa ueni kazi: yarn application -list, halafu yarn application -kill na namba ya kila moja. Katika kila seva kagueni crontab (orodha ya amri zinazojiendesha kwa ratiba) ya mtumiaji anayeendesha YARN. Mara nyingi hapo hujificha mstari wa curl au wget unaoshusha upya programu ya kuchimba sarafu. Kagueni pia faili ya authorized_keys, yenye funguo zinazoruhusiwa kuingia kwa ssh.

Wengi huweka hadoop.http.authentication.simple.anonymous.allowed kuwa false wakadhani wamepona. Hawajapona: mvamizi anaongeza ?user.name=root kwenye anwani, anapita. Kinga ya kweli ni Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho wa mtumiaji, kwenye hadoop.security.authentication na kwenye hadoop.http.authentication.type pia.

Funguo zozote za hifadhi zilizoandikwa ndani ya core-site.xml, faili ya mipangilio ya Hadoop, zihesabuni zimeibwa, zibadilisheni leo. Kisha jengeni seva upya. Kutoka zile za zamani hamisheni data peke yake, msibebe programu wala skripti.