Barua kwa mwanangu anayesoma hisabati

Mwanangu,

Umeniuliza inakuwaje mhadhiri akiwa ubaoni unaelewa kila hatua, lakini usiku ukikaa na karatasi ya maswali unakosa hata pa kuanzia. Tena kama tatizo ni kichwa au uvivu. Kichwa unacho, na uvivu sidhani, maana unasema unakesha. Ila umenidokeza pia kwamba majibu huzunguka kwenye kundi la WhatsApp kabla ya siku ya kukusanya, nawe unayasoma "ili upate mwanga". Mimi ningeanzia hapo.

Jibu la mwenzako hukupa raha ya kuelewa, kisha likaondoka nayo. Jipime. Uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu, yaani namba kamili moja juu ya nyingine, najua unaweza kuughani: tuseme ni p/q, iliyorahisishwa mpaka mwisho; basi p² = 2q²; p² inagawanyika kwa 2, kwa hiyo p nayo inagawanyika kwa 2; weka p = 2k, utakuta q nayo inagawanyika kwa 2, na tulishasema sehemu imerahisishwa. Sasa funga daftari, weka 4 mahali pa 2, uendelee vilevile: p² inagawanyika kwa 4, kwa hiyo p inagawanyika kwa 4... Ukifika mwisho utakuwa "umethibitisha" kwamba kipeuo cha pili cha 4 hakiandikiki kama sehemu, na mtoto wa shule ya msingi anajua ni 2!

Mstari uliokudanganya ni ule wa "kwa hiyo". Chukua p = 2: mraba wake unagawanyika kwa 4, yenyewe haigawanyiki. Kwa 2 hoja inasimama kwa sababu mraba wa namba witiri ni witiri, (2k+1)² = 4k² + 4k + 1, na sababu hiyo ilipaswa kuandikwa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano waliiruka karibu wote. Kalamu yangu nyekundu iliishia kwenye "kwa hiyo" zao.

Wakubwa nao huruka. Mwaka 1879 mwanahisabati Kempe alichapisha uthibitisho kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila nchi zinazopakana kufanana rangi. Ulikubalika hadi 1890, Heawood alipoonyesha penye tundu. Uthibitisho uliosimama ulipatikana 1976, wa Appel na Haken, kwa msaada wa kompyuta. Lakini Heawood hakuitupa kazi ya Kempe. Aliitumia kuthibitisha kwamba rangi tano zinatosha.

Kwa hiyo (na hii yangu nina sababu yake) saa unazokesha sizihesabu. Nataka usiandike mstari ambao ukiulizwa "kwa nini?" utabaki kutazama dari. Siku ileile ya mhadhara, andika upya nadharia na uthibitisho wake bila kuchungulia daftari. Ukikwama, andika kwa sentensi kamili umekwamia wapi na umejaribu nini, halafu ulale. Kesho nenda na karatasi hiyo kwa mhadhiri. Ukimwambia "sijaelewa chochote" atarudia mhadhara uleule. Ukimwonyesha ulipoishia, atajua pa kukushika.

Kundi usilihame. Kubishana na wenzako juu ya hatua moja kuna faida kubwa, mradi kila mmoja awe ameshahangaika peke yake kwanza. Kudesa ndiko ninakokukataza, hata zoezi likiwa la alama mbili, na mtu akikuomba lako mwambie mkae mlifanye pamoja. Atakununia siku mbili tatu.

Kuhusu wazo lako la kubadili kozi, usijaze fomu yoyote sasa, ukiwa umechoka na majaribio yanakaribia. Fanya hivi mpaka muhula uishe. Kama bado huipendi, nipigie tuzungumze na baba yako akiwepo, maana habari ya mkopo yeye ndiye anayeifuatilia. Sitakuzuia.

Mama yako