Rekodi ipi ya Simfoni ya Sita? Anza na mvua

Kijana mmoja anayepiga fidla kwenye kikundi cha taarab hapa Tanga alinisimamisha baada ya swala ya Ijumaa, wiki mbili zilizopita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, ile simfoni uliyoniambia nisikilize, ya Sita ya Beethoven, nimeitafuta kwenye simu. Zimejaa tele. Kila moja ina picha ya mzee mwingine. Nishushe ipi? Bando lenyewe dogo."

Nilimtajia jina moja palepale barabarani, akashukuru, akapanda baiskeli yake akaenda. Usiku nikaona nimemkosea. Swali hilo mimi lilinichukua zaidi ya miaka 20 kulipatia jibu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kutafuta kitu ambacho hakikuwapo. Haifai yeye apite njia ileile.

Nililelewa Ngamiani na baba mdogo, ambaye alikuwa fundi redio. Dukani kwake muziki ulilia kutwa: Atomic Jazz, Black Star, Lucky Star, sauti ya Bi Shakila ikitoka kwenye redio iliyofunguliwa mgongo. Na wateja walikuwa wabishi. Wimbo uleule, mmoja atashikilia kuwa ulivyopigwa kwenye harusi ndiyo wenyewe, mwingine atasema hapana, uliorekodiwa redioni ndio ulionyooka. Kwa hiyo jambo la muziki mmoja kuwa na sura nyingi mimi sikulisoma kitabuni. Nililikuta kibarazani.

Kati ya kanda za baba mdogo kulikuwa na moja ya dakika 60, haina maandishi, imebaki ndani ya redio ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Ilikuwa na simfoni hii, kazi ndefu ya okestra ambayo mtunzi wake Mjerumani, Beethoven, aliipa jina la Pastorale, yaani ya mashambani. Ilipigwa kwa mara ya kwanza Vienna, Austria, tarehe 22 Desemba 1808, usiku mmoja na ile ya Tano. Hayo niliyajua baadaye sana. Wakati ule nilijua tu kwamba mwanzoni mtu anafika shamba na moyo unafunguka, kisha kuna maji yanatiririka polepole, kisha wanakijiji wanacheza, kisha mvua.

Ila mvua yetu ilikuwa na kasoro. Ngurumo inaanza chini kabisa, kwenye selo na dabobesi, zile ndugu kubwa za fidla zenye sauti nzito, yanadondoka matone mawili matatu ya fidla, halafu tak! Upande wa kwanza wa kanda umekwisha. Unainuka, unageuza, unabonyeza, na radi inapiga ukiwa bado umeinama. Mpaka leo, nikisikia wapigaji walio bora kuliko wote duniani, mahali pale mkono wangu unataka kwenda kwenye kitufe.

Nilipopata intaneti niliisaka rekodi ile. Nilisikiliza moja baada ya nyingine na hakuna iliyokuwa yenyewe. Kila kijito kilikimbia mno. Niliamini kwa dhati kwamba yupo kondakta mmoja, yaani kiongozi wa okestra, aliyejua siri ya utulivu ule, na kwamba nikimpata nitakuwa nimemaliza. Nimeandika barua, nimeuliza wageni, nimekesha.

Kisha siku moja nilikaa na kinanda, redio ya zamani ikiwa pembeni, nikajaribu kuifuatisha kanda. Simfoni hii iko kwenye F, yaani noti F ndiyo nyumbani kwake. Kanda ilikuwa inamalizikia karibu na E. Nusu toni nzima chini, hatua moja kamili ya kinanda! Nikaelewa. Mpira unaozungusha kanda ulikuwa umelegea. Mipira mipya ilikuwa ya redio za wateja, ya nyumbani ikaachwa na mpira wake mkuukuu. Kushuka nusu toni ni sawa na kupunguza mwendo kwa takriban asilimia 6, na muziki wa dakika 42 unakaribia 45. Utulivu niliousaka miaka yote ile haukuwa wa kondakta yeyote. Ulikuwa wa mpira.

Niliumia, sisemi uongo. Lakini ndipo nilipoanza kusikiliza kweli. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako kijana, na kwa yeyote mwenye rekodi ya utotoni moyoni: ipime kwanza. Angalia kama imekatwa, kama mwendo wake ni wa kweli, kama imerudufiwa mara tatu nne mpaka sauti za juu zimekufa. Iweke, ipende, mimi yangu ninayo. Ila usiifanye kuwa mizani ya kuwapimia wengine.

La pili. Usichague simfoni nzima kwa mkupuo. Chagua mahali pamoja ndani yake, mahali unapopajua kwa maisha yako mwenyewe, uwapime wote hapo. Mimi nilichagua mvua na jinsi inavyoondoka.

Kwa nini mvua? Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Amani, kule juu Usambara, na likizo zetu zilikuwa huko. Mvua ya Amani unaisikia kabla haijakufikia. Inatembea juu ya majani ya mlima wa pili, unaihesabia, unaanua mahindi, ndipo inakuangukia. Maji yake yanateremka na mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, na sisi huku mjini tunayafungulia bombani. Beethoven anajua mvua ya namna hiyo. Dhoruba yake, ambayo ni sehemu ya nne, haianzi kwa kishindo. Selo na dabobesi zinanguruma mbali, fidla zinadondosha, kila kitu kinakimbilia ndani, ndipo okestra nzima inapasuka na timpani, zile ngoma za shaba, zinalia kwa mara ya kwanza. Katika simfoni nzima timpani hazipigwi popote isipokuwa hapo. Na pikolo, ile filimbi ndogo kali, ni hapo tu.

Kuna kazi moja ya ufundi hapo ambayo wewe mpiga fidla utaipenda. Selo zinapiga noti tano katika muda ambao dabobesi zinapiga nne. Hazilingani, kwa makusudi, na ndiyo maana sikio linapata mngurumo badala ya noti. Kondakta akizisafisha kupita kiasi, ngurumo inakuwa zoezi la vidole. Akiziachia ovyo, inakuwa matope. Sikiliza hapo.

Halafu sikiliza mvua inavyokwisha. Radi inasogea mbali, obo inaleta wimbo mtulivu, filimbi inapanda ngazi peke yake, na bila kusimama tunaingia sehemu ya tano: klarineti inaita wito wa mchungaji wa mifugo, baragumu linaitikia. Mwaka 1802, miaka sita kabla ya kuitoa simfoni hii, Beethoven aliandika waraka kule Heiligenstadt, karibu na Vienna, akieleza uchungu wa kupoteza usikivu: mtu aliyesimama karibu naye amesikia filimbi kwa mbali, yeye hakusikia kitu, mtu amesikia mchungaji akiimba, yeye tena hakusikia kitu. Ukishajua hilo, wito ule wa klarineti huwezi kuusikia kama pambo. Kondakta anayeupita kwa haraka mimi simfuati tena, hata angekuwa na okestra gani.

Sasa bando lako. Usishushe simfoni nzima za watu sita. Shusha sehemu ya nne na ya tano tu za kila mmoja. Ni kama dakika 13 kwa jumla. Tumia hedifoni, hata zile za bei ndogo za pale stendi, kwa sababu spika ya simu haitoi sauti nzito: ngurumo ya mwanzo haitakuwapo, utasikia matone tu. Linganisha kwa sauti iliyo sawa. Rekodi iliyopandishwa juu kidogo sikio huiona bora, na si kweli. Na zisizidi mbili kwa siku.

Uanze na nani? Nakupa hawa niliokaa nao.

Bruno Walter aliirekodi mwaka 1936 na okestra ya Vienna Philharmonic, enzi ya santuri ambazo upande mmoja ulibeba kama dakika nne. Alikuwa ameshaikimbia Ujerumani mwaka 1933 Wanazi walipochukua madaraka, na mwaka 1938 Austria nayo ikamezwa, akawa hana tena pa kurudi. Aliirekodi tena California mwaka 1958, ana miaka 81, na okestra ya Columbia Symphony. Sikiliza zote mbili. Ya 1936 ina mchakacho wa santuri tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi mchakacho ule haunisumbui hata kidogo. Unafanana na manyunyu juu ya bati, na muziki unakaa ndani yake kama mtu aliye nyumbani. Ya 1958 ni safi, na kijito chake, sehemu ya pili, ndicho kizuri kuliko vyote ninavyovijua. Mwishoni mwa kijito kuna ndege watatu: naitingeli kwa filimbi, tombo kwa obo, kekeo kwa klarineti. Walter anawaacha waimbe bila kuwaharakisha. (Kwetu angetiwa na dudumizi, maana ndiye anayetangaza mvua.) Lakini dhoruba ya 1958 kwangu ni ya upole mno. Ni mvua ya mzee aliyeshasamehe, nami nataka kuogopa kidogo.

Herbert von Karajan na Berlin Philharmonic, 1962: wapigaji wa ajabu, mwendo wa kasi, marudio ya sehemu ya kwanza ameyaacha, simfoni nzima inakwisha kwa kama dakika 36. Wapo wanaoipenda. Mimi nahisi mwenye safari anaangalia shamba kutoka barabarani.

John Eliot Gardiner na okestra yake ya ala za kale, seti iliyotoka 1994: fidla za nyuzi za utumbo, timpani zinazopigwa kwa vijiti vikavu. Radi yake inapasua. Kama umewahi kukutwa na radi kwenye mikonge, ukiwa ndicho kitu kirefu peke yako, utaijua. Nikitaka kuhofu naisikiliza hiyo.

Otto Klemperer na Philharmonia, 1957: ngoma ya wanakijiji ameipiga taratibu sana, kiasi kwamba watu wanagombana juu yake hadi leo. Mimi iliniudhi kwa muda mrefu.

Na niliyobaki naye ni Karl Böhm na Vienna Philharmonic, 1971. Nilimsikia mara ya kwanza usiku wa masika, umeme umekatika, simu ina chaji kidogo. Sikupigwa na chochote mwanzoni. Hana haraka na wala havuti. Lakini dhoruba ilipokuja niligundua kwamba ngurumo ilikuwa imeshaanza kabla sijajiweka tayari, kama Amani, na timpani zilipopasua zilikuwa na uzito bila kelele. Halafu ikaondoka. Alivyoiacha iondoke! Filimbi ikapanda, klarineti ikaita, baragumu likaitikia kutoka nyuma kabisa ya ukumbi, na fidla zilipoingia ziliingia kimya, kama watu wanaotoka nje mmoja mmoja kuangalia kilichobaki shambani. Hakuna aliyeruka kwa furaha. Shukrani yenyewe ilianza ndogo ikakua. Nimeisikiliza misimu mingi tangu hapo na bado sijafika mahali nikatamani angefanya vingine.

Kwa hiyo jina nililokutajia barabarani lilikuwa la Böhm, na silirudishi. Ila mvua ile ni yangu, ya Amani. Wewe umekulia Pangani, kwa wavuvi. Huenda mahali pako si dhoruba kabisa.

Kijana alirudi Jumapili hii, kabla sijachapisha haya. Alikuwa amefanya kama nilivyomwambia kwa simu, sehemu mbili mbili, bila haraka. Kisha akashusha na ya tatu, ngoma ya wanakijiji, kwa hiari yake. Amemchagua Klemperer.

"Kwa ngoma ile nzito?" nikamuuliza.

"Ndiyo mjomba. Babu yangu alikuwa anacheza beni hivyo. Polepole, kwa kujipanga, kifua mbele. Hao wengine wanacheza kama wamelewa."

Sikuwa na jibu. Nimemwomba aniachie hedifoni zake hadi kesho.