Historia ya Marekani: shikeni waraka wenyewe

Wadogo zangu mnaoanza sekondari hapa Kentucky, somo litakalowatoa jasho huenda lisiwe hesabu bali historia ya Marekani. Wenzenu darasani wamesikia habari za 1776, mwaka Marekani ilipotangaza uhuru wake, na za Rais Lincoln tangu utotoni, kwa hiyo mwalimu huzipitia juu juu. Mimi nilitoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tulikosoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa: mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili na kukariri. Hapa nikakariri tarehe daftari zima, na mtihani wa kwanza nikapata 41.

Mtihani haukuuliza tarehe. Ulitoa waraka mfupi na kuuliza nani kauandika, kwa ajili ya nani, na kwa nini wakati ule.

Chukueni Tangazo la Ukombozi la Januari 1, 1863. Niliandika kwamba Lincoln aliwaweka huru watumwa wote. Mwalimu akaniwekea waraka mezani, akaniambia nitafute Kentucky. Nikapitisha kidole kwenye orodha: Arkansas, Texas, Louisiana, Mississippi... hadi mwisho. Haimo! Tangazo liligusa majimbo ya kusini yaliyojitenga na kuasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Kentucky ilikuwa na watumwa lakini haikujitenga. Lincoln alilitoa akiwa amiri jeshi mkuu, kama hatua ya vita, na hakutaka kuisukuma Kentucky iende kwa waasi. Wapo watumwa wa hapa waliojiandikisha jeshini ili wapate uhuru mapema. Wengine walisubiri hadi Desemba 1865, Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa, yalipoidhinishwa. Haya yote nimeyajua kwa sababu ya jina moja ambalo halikuandikwa.

Kiingereza kisiwatishe. Someni aya moja, fungeni kitabu, mwelezeni mtu wa nyumbani kwa Kiswahili. Mkikwama, rudini kwenye aya ile ile, hamjaielewa bado. Mimi nilikuwa namweleza mama akipika.

Na Marekebisho ya 14, ya 1868, msiyapite mbio. Yanaanza kwa kusema kwamba aliyezaliwa Marekani, na aliye chini ya mamlaka yake, ni raia. Yaliandikwa baada ya vita, kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka utumwani. Nilipomtafsiria mama sentensi ile, alimtazama kitinda mimba wetu, aliyezaliwa hapa, akazima jiko, akaniambia niisome tena polepole.