Pamba Niliyoiita Baba

Kwa miezi minne ukoo wetu ulikuwa na babu wa ziada. Nilimpata ndani ya daftari la baba wa babu yangu, lililokuwa limefungwa kanga chini ya sanduku la bibi, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: madeni, ndoa, mazishi, nani kashuka na jahazi gani. Nikasoma "ameshuka na baba", furaha ikanijaa, nikampachika mzee huyo kwenye mti wa ukoo na picha nikawatumia jamaa wa Doha. Mstari uliofuata ulisema "frasila mbili", kipimo cha zamani cha uzito. Wala sikujiuliza ni baba gani huyo wa kupimwa kwa frasila.

Ilikuwa pamba.

Anayesoma hati hizi lazima ajue zinavyobana. Kiarabu hakina p, kwa hiyo waandishi wengi wa zamani walitumia b. M inayotangulia b nayo mara nyingi iliachwa. Basi b mbili zenye fatha, yaani alama ya a, zaweza kuwa baba, papa, bamba au pamba, na mwamuzi ni maneno ya jirani. F huenda ni v, shini (sh) huenda ni ch, ghaini (gh) huenda ni g. Alama ya kasra ni i au e, ya dhumma ni u au o. Wapo walioongeza nukta tatu ili kupata p, kama Waajemi, lakini usimtarajie kila mtu afanye hivyo. Kabla ya kunukuu, soma kurasa kumi nzima ujue mwenye daftari ana mazoea gani. Anzia pale usipoweza kukosea: Bismillahi, majina ya miezi, "bin" na "binti". Hapo utaona sini yake, yaani s, ina meno au ni mstari tu, na nukta mbili anazitenga au anaziburura zikawa kistari.

Kosa langu kubwa halikuwa kusoma vibaya. Niliandika "baba" moja kwa moja, kana kwamba marehemu ndiye aliyeandika hivyo. Siku hizi nanukuu kwa mistari miwili. Wa juu ni herufi zilivyo, b-b, bila kuongeza kitu. Wa chini ni usomaji wangu, na ninachokisia nakitia ndani ya mabano ya mraba. Kazi inachosha, sikatai. Lakini mwenye macho mazuri kuliko yangu akija, ataona nilipojikwaa.

Halafu soma kwa sauti mbele ya mtu mzima. Shangazi yangu hati hii haijui hata alifu, lakini nilipomsomea mistari ile miwili alicheka mpaka akashika ubavu: "Mwanangu, baba naye hupimwa?" Hata mmisionari Mwingereza William Taylor, alipokuwa akikusanya mashairi ya Muyaka, mshairi wa zamani wa hapa Mombasa, alimhitaji Mwalimu Sikujua, mjuzi wa papa hapa. Na ukikuta "ndia", iache ndia. Ukiigeuza njia umeifuta lahaja ya mwenyewe, na pengine hiyo ndiyo dalili pekee ya alikotoka.

Tarakimu nazo zilinitia aibu. Tano ya Kiarabu ni kiduara; sifuri ni nukta. Mimi niliyezoea tarakimu za shule nikasoma kifo cha mwaka 1315 kuwa 1310, na bibi yetu mmoja akawa amefariki miaka mitatu kabla ya kumzaa kitindamimba wake. Tazama pia mbili na tatu, maana kwa mkono wa haraka tatu hufanana na mbili ya kitabuni. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo 1315 ni 1897 na 1898. Kama mwezi hukuusoma, andika miaka yote miwili, usijichagulie. Na "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi baada ya magharibi. Ukisahau hilo, tarehe ya Kizungu itapotea kwa siku moja.

Kuhusu picha nitasema machache. Piga karibu na dirisha, bila mwako wa simu, kisha tia karatasi ya rangi nyuma ya ukurasa. Wadudu wa pwani hutoboa vitobo sawasawa na nukta, na mimi niliwahi kuigeuza h kuwa j kwa hisani ya mdudu. Rangi ikichungulia, hiyo si nukta.

Ukurasa wa mwisho una neno la k na t ambalo limenishinda. Limekaa ndani ya mabano mwaka wa pili huu: kata, kiti, keti, kitu? Shangazi anasema kiti, mimi nasita.

Jamaa wa Doha nimeshawatumia mti mpya. Mmoja kajibu usiku uleule akiuliza yule mzee kaenda wapi, kwani tayari kampa mwanawe jina lake.