Kifungamanishi cha koili kwa redio ya kristali: kipimo cha kuanzia ni mfungamano mdogo

Ndugu muulizaji ameeleza kwamba ametengeneza redio ya kristali (redio isiyotumia betri, ambamo kipande cha kristali hugeuza mawimbi kuwa mkondo unaosikika kwa hedifoni) yenye koili mbili, moja ya antena na nyingine ya kristali, na kwamba koili ya ndani huteleza kuingia na kutoka ndani ya ile ya nje. Tatizo lake ni kwamba hata akiivuta koili ya ndani hadi ikatoka kabisa, stesheni mbili zenye nguvu bado zinasikika kwa pamoja. Anauliza kama aongeze mizunguko ya waya. Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu mimi mwenyewe nilipita njia hiyo hiyo na nikapoteza miezi kadhaa kwa kuongeza waya wakati kasoro ilikuwa kwenye urefu wa reli, yaani fimbo ambazo koili ya ndani huteleza juu yake.

Kwanza tukumbuke kwa nini koili ziliwekwa mbili. Redio za mwanzo kabisa zilikuwa na saketi moja, yaani antena, koili na ethi (waya unaokwenda ardhini), huku kigunduzi (kifaa kinachotambua mawimbi, kama kristali) kikining'inizwa humo humo. Ukinzani wa antena na wa ardhi ulizima mtetemo wa saketi haraka, ndiyo maana kila stesheni iliyokuwa jirani ilisikika karibu kwa usawa. Mwanafizikia Oliver Lodge aliomba hataza yake ya kuoanisha saketi, yaani kuzifanya zitetemeke kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yale yale, mwaka 1897 huko Uingereza, Ferdinand Braun wa Ujerumani akatenga saketi ya cheche (iliyozalisha mawimbi kwa kurusha cheche za umeme) na saketi ya antena kwa kuziunganisha kwa uga wa sumaku tu, na Marconi akapata hataza namba 7777 ya mwaka 1900, iliyotaka saketi za mtambo wa kutuma na za mtambo wa kupokea zioanishwe zote kwa masafa yale yale. Tangu hapo swali halikuwa tena kama tutumie saketi mbili, bali ni kiasi gani cha nishati kiruhusiwe kupita kutoka moja kwenda nyingine. Kifaa kinachodhibiti kiasi hicho ndicho tunachokiita hapa kifungamanishi.

Kipimo cha mfungamano ni namba k, ambayo huanzia sifuri, pale koili zisipohisiana hata kidogo, na kufikia moja, pale uga wote wa koili moja unapopita ndani ya nyingine. Saketi mbili zilizooanishwa kwa masafa mamoja, zikifungamanishwa kwa nguvu mno, hazibaki na masafa mamoja. Hugawanyika na kuwa na vilele viwili, kimoja chini na kimoja juu ya masafa uliyokusudia. Chukua saketi mbili zilizowekwa kwenye kilohezi 1000. Mfungamano ukiwa 0.1, vilele vinakuwa karibu na kilohezi 953 na 1054. Ukiwa 0.4, vinakwenda 845 na 1291. Hapo redio inapokea sehemu mbili za bendi kwa wakati mmoja, na kuongeza mizunguko kutahamisha vilele hivyo tu bila kuvikutanisha. Jambo hili liliwasumbua hata watumaji wa enzi ya cheche, kwa kuwa mtambo uliofungamanishwa kwa nguvu ulitoa mawimbi mawili. Sheria ya redio ya Marekani ya mwaka 1912 ililazimika kutamka kwamba nishati ya wimbi dogo isizidi asilimia 10 ya ile ya wimbi kubwa.

Sasa, mfungamano unaofaa ni kiasi gani? Kanuni inasema kwamba nishati nyingi zaidi hupita, bila kilele kugawanyika, pale k inapolingana na moja iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha zao la ubora wa saketi mbili, yaani uwezo wa saketi kutetemeka bila kupoteza nishati haraka, ambao vitabuni huandikwa kwa herufi Q. Kwa antena yangu, ambayo ni waya wa mita 25 hivi pamoja na ethi ya fimbo moja ardhini, ukinzani wote ni kama ohmu 40. Koili ya maikrohenri 240 (maikrohenri ni kipimo cha ukubwa wa koili kiumeme) kwenye kilohezi 1000 ina mpingo, yaani upinzani wake kwa mkondo unaobadilika, wa ohmu 1500 hivi, kwa hiyo Q ya antena ni karibu 38. Saketi ya kristali, ikiwa imebebeshwa mzigo wa hedifoni, huwa na Q ya 80 kwa makadirio ya wastani. Ukizidisha, ukatafuta kipeuo na ukagawanya, unapata k ya takriban 0.018. Tafadhali ikazie macho namba hiyo. Si nusu wala robo, bali haifiki hata mbili kwa mia, na kifungamanishi chochote kisichoweza kushuka hadi hapo, kisha kikashuka chini zaidi kwa utulivu, hakiwezi kutenganisha stesheni hata kikiwa kimesukwa kwa ustadi wa namna gani.

Hapa ndipo ulipo mtego wa koili inayoteleza. Koili yangu ya nje niliisuka juu ya bomba la PVC la milimita 110, mizunguko 37 ya waya wa shaba wenye vanishi wa nusu milimita, ambao niliununua kwa fundi anayesuka mota. Ya ndani niliisuka juu ya bomba la milimita 75, mizunguko 52. Kila moja inatoa karibu maikrohenri 240, ambazo kwa kapasita ya kuzungusha (kifaa cha kuchagulia stesheni) ya pikofaradi 365 hushuka hadi kilohezi 538 na kufunika karibu bendi yote ya mawimbi ya kati. Hesabu hiyo niliifanya kwa kanuni ya mhandisi Harold Wheeler ya mwaka 1928. Ukipima kwa sentimita, zidisha mraba wa nusu kipenyo kwa mraba wa idadi ya mizunguko, kisha gawanya kwa jumla ya nusu kipenyo mara 22.9 na urefu wa koili mara 25.4. Jibu linakuja kwa maikrohenri na kwa koili za aina hii linakaribia ukweli kwa tofauti ya asilimia chache.

Koili ya ndani ikiwa katikati ya ile ya nje, k ni zaidi kidogo ya 0.4. Ukiivuta hadi nyaya za koili moja ziache tu kufunikana na za nyingine, jambo ambalo kwa jicho linaonekana kama umeitoa kabisa, k bado iko juu ya 0.2, yaani zaidi ya mara kumi ya kiasi kinachotakiwa. Kwa vipimo vyangu nilihitaji umbali wa sentimita 13 hadi 15 kati ya vitovu vya koili mbili ili nifikie 0.02. Reli zangu za kwanza zilikuwa za sentimita 8. Nilipozibadilisha kwa fimbo za mninga za sentimita 25, stesheni mbili zilizokuwa zimeng'ang'aniana kwa miezi zilitengana jioni ile ile, bila kugusa hata mzunguko mmoja wa waya. Nakushauri uanze hapo. Fimbo ziwe za mti na zisiwe za chuma, kwa sababu chuma kilicho ndani ya uga wa koili hula nishati yake.

Kama meza haina nafasi ya urefu huo, iko njia ya pili, ambayo ni koili ya ndani inayozunguka badala ya kuteleza. Mfungamano wake hufuata kosaini ya pembe, hivyo mihimili ya koili mbili ikiwa sambamba k iko juu kabisa, na ikiwa kwenye nyuzi 90 inakuwa sifuri. Kipande cha bomba la milimita 75 chenye urefu wa sentimita 4 na nusu huzunguka bila kugusa ndani ya bomba la 110. Mizunguko 52 igawanywe 26 kwa 26 ili kuacha nafasi ya shafti katikati. Ni kifaa kizuri kwa macho na kidogo mezani, lakini nacho kina mtego wake. Ukikiweka katikati kabisa ya koili ya nje, pale ambapo k ya juu ni 0.4, basi 0.018 iko nyuzi 2.6 tu kabla ya sifuri. Kazi yote ya kusikiliza inabanwa katika upana mdogo kuliko unene wa alama ya kalamu kwenye kifundo, na mkono ukitikisika kidogo stesheni inatoweka. Nilichofanya ni kuisogeza koili inayozunguka hadi nje ya ukingo wa ile ya nje, sentimita 6 kutoka kitovu hadi kitovu. Kwa hiyo k ya juu ikashuka hadi karibu 0.1, na mahali pa kusikilizia pakahamia nyuzi 10 hivi kabla ya sifuri, ambapo vidole vinaweza kufanya kazi kwa uhakika. Hatukupoteza chochote chenye faida, kwa kuwa mfungamano wa 0.4 hauna kazi katika redio hii.

Lipo jambo jingine ambalo watu wengi hulisahau, nalo lilinichanganya kuliko yote. Siku nilipomaliza koili inayozunguka, niliiweka kwenye nyuzi 90 nikitarajia kimya, lakini stesheni yenye nguvu ikaendelea kusema vizuri tu. Niliamini kwamba nimepima pembe vibaya, nikatumia kona ya mraba ya seremala, na pembe ilikuwa sawa. Nishati haikuwa inapita kwa uga wa sumaku bali kwa uga wa umeme, kwa sababu mwisho wa koili ya nje uliounganishwa na antena ulikuwa umeelekeana na mwisho wa koili ya ndani uliounganishwa na kristali, na ncha hizo mbili zenye volti kubwa zilikuwa kama bamba mbili za kapasita. Niligeuza viunganisho ili ncha za ethi za koili zote mbili ndizo zielekeane, nikaziunganisha pamoja kwa ethi, na kwenye nyuzi 90 sauti ikazama. Kama kifungamanishi chako hakifiki kimya mahali popote, kagua hilo kabla ya kubomoa kitu.

Kupima mfungamano hakuhitaji kifaa cha ghali. Mita ndogo inayosoma maikrohenri inatosha. Unganisha koili mbili mfululizo, soma kipimo, kisha geuza ncha za koili moja na usome tena. Tofauti ya vipimo viwili ukiigawanya kwa nne unapata uhisiano wa koili, yaani maikrohenri ambazo koili moja inaihisi nyingine, nao ukiugawanya kwa kipeuo cha pili cha zao la maikrohenri za koili mbili unapata k. Koili zangu zikiwa moja ndani ya nyingine nilisoma 680 na 280, tofauti 400, kwa hiyo uhisiano ni 100 na k ni 0.42. Kwenye 0.02 tofauti ni kama maikrohenri 19 tu, ambayo mita ya kawaida bado inaiona. Fanya kipimo hiki kila baada ya sentimita mbili na uandike namba juu ya fimbo yenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika. Mimi bado nazitumia alama hizo.

Kuhusu saketi ya antena, ndugu hakusema kapasita yake imeunganishwaje, na hilo linaweza kuwa sehemu ya tatizo. Waya wangu wa mita 25 una takriban pikofaradi 200 kwa ardhi. Kapasita ya 365 ikiwekwa mfululizo na antena, saketi haiwezi kushuka chini ya kilohezi 900 kwa koili ya maikrohenri 240. Ikiwekwa sambamba na koili, haiwezi kupanda juu ya 690 hivi. Ndiyo sababu nimeweka swichi ya kubadilisha kati ya mpangilio wa mfululizo na wa sambamba, pamoja na matawi mawili (viunganisho vinavyotolewa katikati ya waya wa koili) ya kujaza pengo la katikati. Saketi ya antena isiyooanishwa humlazimisha mtu kukaza mfungamano ili asikie chochote, kisha anailaumu koili.

Upande wa pili, usiiunganishe kristali juu ya koili nzima. Toa tawi kwenye theluthi ya mizunguko kutoka upande wa ethi na uunganishe kristali hapo. Sauti hupungua kidogo, lakini mzigo wa hedifoni unalemea saketi kwa kiasi kidogo zaidi, na Q inapanda. Pia usisukie koili juu ya boksi la karatasi ngumu kama unaishi pwani kama mimi. Yangu ya kwanza ilikuwa juu ya boksi lililopakwa vanishi, na wakati wa masika ilikunywa unyevu hadi stesheni zote zikawa pana na dhaifu. Nilipoianika juani siku mbili ilirudi, kisha mvua ikaiharibu tena.

Namna ya kuitumia imetokana na waendeshaji wa meli. Kipokezi cha saketi tatu ambacho Charles Franklin alikibuni kwa kampuni ya Marconi mwaka 1907 kilikuwa na swichi ya kubadili kati ya kusubiri wito na kusikiliza kwa makini. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa mkono: kaza mfungamano kidogo ili uipate stesheni, kisha legeza, oanisha upya kapasita ya antena, oanisha ya kristali, legeza tena na urudie. Kila unapolegeza, kapasita zote mbili zitataka kusogezwa kidogo, kwa hiyo asiyezigusa atadhani kwamba kulegeza kumeua stesheni.

Waya unaokwenda kwenye koili inayosogea uwe laini, wa nyuzi nyingi, na uache mzingo mmoja uliolegea kuzunguka shafti. Wangu wa kwanza ulikuwa mgumu ukakatika ndani ya ganda lake, mahali pasipoonekana, baada ya wiki chache za kuzungusha. Weka pia msumari mdogo wa mti wa kuzuia shafti isipite nusu mzunguko. Ukishabadilisha reli, tuandikie umbali uliofikia na maikrohenri ulizosoma, pamoja na urefu wa antena yako, tuone kama ile stesheni ya pili imeondoka au bado inapenya kwa njia ya ncha za koili.